Ritha Filbert Millanzi, Aliyetaka Kuagwa kwa Sura Yake

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Ilala, wafanyabiashara wa Mchikichini na Kariakoo, na ninyi nyote mliofunga vibanda leo Jumamosi ili mje kumsindikiza Ritha, familia inawashukuru. Picha mnayoiona kwenye jalada la kijitabu hiki ni ya siku ya harusi yake. Tunaomba mvumilie mpaka mwisho, maana picha hiyo ina maelezo yake.

Ritha alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, Ilala, jijini Dar es Salaam, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Filbert Millanzi na Bi. Selina. Baba yake alitoka Ndanda, wilayani Masasi, akaja mjini kutafuta maisha, na maisha aliyoyapata yalikuwa kubeba marobota ya mitumba sokoni Mchikichini. Ritha alirithi rangi ya baba yake, weusi ule unaong'aa. Bibi yake wa Ndanda alipopelekewa mtoto kumwona, alimnyanyua juu akasema, "Huyu hakutiwa maji."

Huku mjini sifa hiyo haikumsaidia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1993, akamaliza la saba mwaka 1999, na muda wote huo wenzake walimwita Mkaa. Siku moja mvulana alimwimbia jina hilo mstarini, mbele ya mwalimu wa zamu. Ritha aligeuka akamjibu, "Bila mkaa, wewe na mama yako mngekula ugali mbichi." Mwalimu alicheka hata akasahau kuwaadhibu. Ndugu tumeisimulia hadithi hii kwenye sherehe nyingi, na kila mara watu wamecheka. Jambo ambalo hatukulisimulia ni kwamba jioni ile Ritha alijisugua uso kwa jiwe la kusugulia visigino mpaka ukatoka damu, na mama yake akakesha akimkanda.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2003, na matokeo hayakumruhusu kuendelea. Mwaka uliofuata alipata kazi katika duka la vipodozi Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, alikuwa mwanamke mweusi kwa asili kama Ritha, ingawa usoni haikujulikana tena. Alimpokea kwa upole. Alimwambia, "Mwanangu, wewe ni mchapakazi, ila kaunta bado. Kaunta inataka mtu anayeonekana." Basi Ritha akapelekwa stoo. Kaunta alikaa Zena wa Magomeni, ambaye ni mweupe wa kuzaliwa, na aliyekaa kaunta alipata kamisheni. Wa stoo alipata vumbi.

Miezi ilipopita, Tajiri mwenyewe alimfundisha Ritha kuchanganya mkorogo wa kung'arisha ngozi: krimu ya kopo hili, losheni ya chupa ile, na vidonge vilivyosagwa. Uso ulikubali. Vidole na magoti vilikataa, na Zena akawa akimtania, "Shoga, uso umefika mjini, magoti bado yako Ndanda!" Walicheka wote wawili. Ritha alipanda kaunta, na kwa miaka yote iliyobaki Tajiri aliwaambia wateja, "Mtazameni Ritha. Mngemwona alivyokuja!" Hivyo akawa muuzaji, na tangazo pia.

Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2009, Ritha alifunga ndoa takatifu na Bryson, fundi seremala wa hapa hapa Ilala. Picha ya jalada ilipigwa siku hiyo. Mwaka 2012 Mungu aliwajalia binti, Winifrida, na mtoto akaja na rangi ya babu yake.

Mwaka 2013 mama mmoja aliingia dukani akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliomba kopo dogo la krimu ya kung'arisha. Ritha akamuuliza kama ni la kwake. Yule mama akajibu, "La huyu. Nianze mapema, dada, asije akataabika kama mimi." Ritha alimtazama mtoto, aliyekuwa na umri wa karibu sawa na Winifrida, akakataa kuuza. Yule mama akapaza sauti. Tajiri akatoka nyuma, akamuuzia kopo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamgeukia Ritha. "Hapa hatuuzi ushauri, mwanangu. Ukitaka kuuza ushauri, kafungue duka lako."

Ritha aliondoka siku ile ile, na hakujipaka tena. Ngozi ilirudi kwa maumivu: ikachubuka, ikawasha, ikaota mabaka, na hatimaye ikawa nyeusi kama mwanzo. Upande wa ukweni walimuuliza Bryson, "Ulioa mweupe, mbona unaishi na mweusi?" Bryson alijibu kwamba ni yule yule. Kwa hilo tunamshukuru.

Alikwenda Mchikichini kuuza mitumba kwenye kibanda cha mama yake, na jioni akasoma. Alipata cheti cha ustawi wa jamii, kisha stashahada, kisha akaingia shahada ya sosholojia na ustawi wa jamii, akiwa na umri wa kuwazidi wenzake wengi darasani. Wenzake walimwita Mama Mkubwa. Walipofundishwa habari za ubaguzi wa rangi, mifano ilikuwa ya Marekani na Afrika Kusini. Ritha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tunapanda ndege? Tushukie Mtaa wa Kongo tu." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alimwachia ubao, naye akaeleza kwamba mji huu uliwahi kugawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kwamba mipaka hiyo ilifutwa ardhini, lakini sisi wenyewe tukaihifadhi kwenye ngozi na kuipangia mshahara. Kicheko kilikwisha.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu wasichana wa madukani Kariakoo. Alitaka kujua nani anakaa mbele, nani anafungiwa nyuma, na nani analipwa nini. Alikuta mambo ni yale yale katika maduka ya Wahindi, ya Waarabu, ya Wachina, na zaidi katika maduka ya sisi wenyewe. Alihitimu Novemba 2019. Siku ya mahafali miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vikakataa kuingia, akavaa kandambili chini ya joho. Alipanda jukwaani akizipigisha chapa chapa, na Zena akapiga vigelegele mpaka mlinzi akamsogelea. Picha ya siku hiyo Ritha aliipenda kuliko picha zote alizowahi kupigwa.

Shahada hiyo haikumpatia ajira. Aliomba kazi, akaitwa kwenye usaili, akashukuriwa kwa kufika. Akaanza kujitolea. Yeye na Zena, ambaye naye alikuwa ameacha duka, walipita duka kwa duka wakiomba mambo mawili: matangazo ya kazi yasiseme "awe mweupe", na kamisheni igawanywe kati ya kaunta na stoo. Katika mkutano wa wafanyabiashara mzee mmoja alimwambia, "Dada, sisi hatubagui. Mteja ndiye anayechagua." Ritha akamuuliza, "Mteja huyo mlimuuliza lini?" Mkutano ukahamia ajenda ya mitaro. Maduka mawili yaliwaitikia. Mengine yaliwapa maji ya kunywa.

Shirika moja la hapa jijini lilimwalika awe msemaji wa kampeni dhidi ya mkorogo. Alizungumza kwenye warsha zao kwa nauli tu. Bango la kampeni lilipotoka, lilikuwa na maneno yake, neno kwa neno, na juu ya maneno hayo uso wa msichana mweupe ambaye Ritha hakumfahamu. Alipouliza, kijana wa ofisini alimjibu bila kinyongo chochote, "Mpiga picha alisema huyu anaonekana vizuri zaidi, Mama." Ritha alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa sakafuni. Winifrida alikuwa akiitazama picha ya harusi ukutani. Akauliza, "Mama, huyu mwanamke aliyesimama na baba ni nani?" Ritha alisema baadaye kwamba katika yote aliyowahi kuulizwa darasani na kwenye usaili, hakuna swali lililomshinda kama hilo.

Uvimbe wa miguu ulikuwa dalili ya figo. Tangu mwaka 2023 alihitaji kusafishwa damu kila wiki. Mama Selina aliuza kibanda. Bryson aliuza mashine yake ya kuranda mbao. Daktari alipoelezwa miaka tisa ya mkorogo, alisema hawezi kuapa kuwa ni huo peke yake, lakini makopo mengi ya aina ile huwa na zebaki, na zebaki haina huruma na figo. Tajiri alikuja kumwona mara moja, amejifunga mtandio mpaka mikononi. Alilia. Alisema, "Mwanangu, hata mimi walinifundisha hivyo hivyo." Ritha alimshika mkono, akamwomba jambo moja tu, aache kuuza. Tajiri alijitanda vizuri mtandio, akaaga. Duka bado liko wazi.

Wiki ya mwisho Ritha aliwaita mama yake na Zena kitandani, akawaambia, "Msije mkasema 'maradhi ya muda mrefu'. Muda haukuniua. Semeni ni mkorogo, mbele ya watu, Winifrida asikie. Na picha ni ile ya joho." Alifariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri.

Katika kikao cha familia, baba mkubwa Zakayo alipinga. "Msiba una heshima zake. Mtu akifa kwa figo tunasema figo, basi. Mnataka watu waseme tulikuwa na mtoto anayejichubua?"

Mama Selina alimjibu, "Shemeji, walishasema. Alipokuwa mweusi walisema, alipokuwa mweupe walisema, na aliporudi wakasema. Leo wasikilize."

Kisha shangazi mmoja akaomba, "Angalau picha basi. Ile ya joho ana kandambili, uso umemvimba, na rangi ndiyo hiyo. Kwenye harusi alitoka vizuri." Wengi wakaitikia. Bryson aliulizwa, akanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni kukubali. Ikaamuliwa maneno yawe ya Ritha na picha iwe ya ndugu. Ndivyo tulivyomgawana, naye aliisomea shahada nzima dhambi hiyo hiyo.

Jana, kule chumba cha maiti, Mama Selina na Zena walimwogesha na kumvika joho lake. Mpambaji aliyeletwa na ndugu alifungua mkoba wa poda. Zena akamwambia, "Dada, funga mkoba. Huyu hauzwi." Wakampaka mafuta ya nazi, basi.

Ritha ameacha mume, Bryson. Binti mmoja, Winifrida. Mama yake mzazi, Bi. Selina, kaka mmoja, baba mkubwa, Zakayo, mashangazi, wajomba na wapwa, rafiki yake Zena, na wasichana wa stoo ambao majina yao alitaka sana siku moja yasomwe mbele ya kaunta.

Mtakapoitwa kumuaga, acheni vijitabu kwenye viti. Piteni polepole, mtazameni. Winifrida atatangulia, ameshikwa mkono na bibi yake, na ameshaambiwa kwamba mwanamke yule wa ukutani na huyu aliyelala hapa ni mtu mmoja, ila aliyelala hapa ndiye mama yake alivyozaliwa.

Apumzike kwa amani, katika rangi yake.