Mchumba wa Ukungu, Sehemu ya Pili

Benchi ni langu. Nasema hivyo kwa sababu hapa Katesh watu wameshaanza kuliona la serikali. Nililitengenezesha niliweke mbele ya cherehani, wateja wakae wakisubiri suruali zao, na sasa wateja wanasimama. Wanaokaa ni Yahaya, tunayemwita Swaumu kwa sababu ndiyo biashara yake, anakusanya vitunguu swaumu Mbulu na kuvipeleka Arusha. Betri, jina la ubatizo Vicent, anayechaji simu za watu kwenye kibanda cha jirani. Na mzee Joakimu, ambaye mji mzima unamwita Kamati, maana hakuna harusi hapa ambayo hakuwa mwenyekiti wa kamati yake. Harusi moja tu imempita, ya binti yake Fausta. Fausta aliondoka kabla ya mavuno na kijana fundi sola, wakaenda Singida bila posa wala kuaga. Alipiga simu mara moja, akasema, "Shikamoo baba." Kamati akakata, akatutangazia hapahapa kwamba shikamoo ya mtoto huyo hataiitikia tena maishani. Fausta hakumpigia tena. Chini ya godoro lake kilibaki kitabu, Mchumba wa Ukungu, na Kamati akatuletea. Eti miwani yake mbovu, tumsomee, ajue mtoto alikuwa anawaza nini. Msomaji wetu ni Safina, muuza kahawa.

Tulikipenda, sitaficha. Rogathe, binti wa kidato cha nne, anapendana na Damasi, kijana asiye na kivuli, anayeonekana ukungu ukishuka mlimani na kupotea jua likitoka. Mwishoni anamshika mkono, wanaingia ukunguni, kiatu kimoja cha Rogathe kinabaki getini. Swaumu, mtu mzima mwenye wake wawili, alifuta macho kwa kofia. Tukasubiri sehemu ya pili hadi Swaumu alipoileta kutoka Arusha. Leo asubuhi Safina amesoma ukurasa wa mwisho, akakifunga kitabu, akaanza kupepea nacho jiko.

Betri: Ndiyo kimeisha hivyo?

Safina: Kimeisha.

Betri: Angalia vizuri, labda kuna kurasa zimegandana.

Safina: Nimeangalia. Kuna tangazo la sehemu ya tatu tu.

Swaumu: Tumepigwa, jamani. Tumepigwa mchana kweupe.

Safina: Mimi nimechoka kusoma wanabusiana. Wanabusiana kwenye lifti, wanabusiana kwenye gari. Damasi amepata gari wapi? Si alikuwa ukungu?

Betri: Na kivuli sasa anacho. Bila maelezo.

Swaumu: Nisikilizeni mimi, hii ni biashara. Gunia la sampo, lile la kuonyesha, unajaza swaumu kubwa, nyeupe, mnunuzi anashika, anafurahi. Akishaagiza lori zima, unampakilia vile vidogo vya chini. Kitabu cha kwanza kilikuwa sampo.

Safina: Kumbe ndivyo unavyowafanyia watu wa Arusha?

Swaumu: Nazungumzia wenzangu.

Betri: Hapana. Huyu mwandishi ameolewa. Cha kwanza alikiandika akiwa ameachwa, analia usiku. Sasa yuko kwake, anakula kuku, Rogathe wa nini tena?

Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa. Nikawaambia Damasi huyu si yule. Wamehamia Dar es Salaam, ghorofani, sasa ukungu gani unavumilia joto lile? Damasi wa kweli aliyeyuka Chalinze, basi likiwa limesimama abiria wapate chakula. Aliyeshuka Dar ni mwingine.

Swaumu: Fundi, umesema la maana leo, lakini hujafika. Damasi hajawahi kuwa ukungu. Ni tapeli. Kuna ile mashine ya moshi, wanayoiwasha maharusi wakiingia ukumbini. Kamati, si unaijua?

Kamati: Naijua. Tunaikodi Babati.

Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi.

Swaumu: Basi! Kijana ana mashine ya moshi nyuma ya uzio wa watu, binti anaona miujiza.

Betri: Mnazunguka tu. Jibu ni moja. Rogathe alikufa palepale getini. Kitabu hiki chote ni mzimu wake unaota.

Kamati: Hajafa.

Betri: Mzee, nasema huyu wa kitabuni.

Kamati: Hata huyo wa kitabuni. Hajafa.

Betri akainama, akaanza kufuta simu ya mtu ambayo haikuwa na vumbi. Nilimhurumia Kamati, na nilimkasirikia pia, maana nimemwona akisuluhisha koo zilizokuwa zimeshikiana fimbo, halafu kwake anakaa kimya hivi.

Kamati: Mambo yao ya kubusiana mimi sina shida nayo. Nilitaka arudi. Au kama harudi, basi mstari mmoja tu, kwamba amekaa huko akawakumbuka wa nyumbani. Kitabu kizima hajaulizia hata kiatu chake.

Hapo akaja mama mmoja wa Hirbadaw, vikuku vya shaba mkononi, dumu la maziwa tupu begani. Alikuwa amefuata simu yake kwa Betri.

Safina: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba. Nani amefiwa hapa?

Safina: Hamna aliyefiwa, mama. Ni stori tu, imeisha vibaya.

Tukamsimulia wote kwa pamoja, tukikatizana, ukungu, kiatu, ghorofa, lifti. Alisikiliza vizuri, huku akihesabu chaji kwenye kioo cha simu.

Mama: Huyo binti ana baba?

Safina: Anaye. Mwanzoni kabisa mwa kile cha kwanza, alikuwa anatengeneza uzio.

Mama: Sasa baba alipokiona kiatu, alikwenda wapi?

Safina akafungua kitabu. Akafunua nyuma, akafunua mbele, akaniangalia mimi kama vile jibu liko kwenye cherehani. Betri akasema labda sehemu ya tatu.

Mama: Aa.

Akaifunga simu kwenye kona ya shuka, akaaga, akaenda kuwahi gari la Hirbadaw.

Upepo wa mlimani ukapeperusha vitambaa vyangu na hakuna aliyeniokotea. Kamati akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa miwani, akaivaa. Ilikuwa nzima kabisa.

Kamati: Safina. Namba yake unayo?

Safina hakuuliza ya nani. Anayo, na Swaumu anayo, na mimi ninayo. Kila wiki Fausta alikuwa anampigia mmoja wetu kuuliza kama baba anakula. Hatukuthubutu kumwambia mzee. Safina akaitaja polepole, Kamati akabonyeza mwenyewe kwenye simu ya Betri, na kwa kutojua akagusa na sauti ya nje.

Ikaita sana.

Fausta: Haloo? Nani mwenzangu?

Kamati: Ni mimi.

Betri akasogea kuangalia kama imekatika. Safina alikuwa ameinamisha birika kunimiminia, likatoa matone mawili, kahawa imekwisha, na bado ameliinamisha hivyohivyo.

Fausta: Shikamoo baba.

Kamati: Marahaba.

Akavuta pumzi, akaitikia na ile shikamoo ya siku aliyokata simu.

Kamati: Marahaba.