Tundu Nyuma ya Shingo

CASILDA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, nina tarumbeta sikioni.

LIMBERT: Ni mimi, dada. Limbert. Shikamoo.

CASILDA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

LIMBERT: Ya jirani. Yangu hupokei tangu asubuhi.

CASILDA: Leo Jumamosi ya Kanivali, mdogo wangu, Oruro nzima iko barabarani. Wewe umejifungia huko La Paz unadhani watu tumekaa tunatazama simu— jamani, watoto, acheni kunipulizia mapovu, nina nguo mpya hapa. Haya, niambie. Hujambo?

LIMBERT: Sijambo. Dada, ile sarafu.

CASILDA: Hata Mama hujamwulizia.

LIMBERT: Mama hajambo?

CASILDA: Hajambo.

LIMBERT: Haya. Sarafu ya Baba, yenye mti na llama wawili. Iko kwenye kopo la chai, kabatini kwa Mama. Binamu Ovidio anarudi huku na basi la jioni, nimeshaongea naye. Mpe aniletee. Aishike ukingoni tu, asiiguse usoni, aifunge kwa karatasi laini—

CASILDA: Ovidio? Ovidio saa hizi hajui hata viatu vyake viko wapi.

LIMBERT: Basi mtu mwingine. Yeyote. Lakini leo.

CASILDA: Kwani ina moto? Imekaa koponi tangu Baba afariki.

LIMBERT: Trei yangu imebaki kishimo kimoja. Umri wangu wote nakusanya sarafu za nchi hii, tangu za mwanzo kabisa, na inayokosekana iko nyumbani kwetu, kwenye kopo la chai. Silali, dada. Naamka naitazama trei, nalala, naamka tena.

CASILDA: Iko salama.

LIMBERT: Sikuuliza kama iko salama.

CASILDA: Bendi inapita, sikusi—

LIMBERT: Casilda. Iko kwenye kopo?

CASILDA: Subiri, nimeshika kikombe cha api, uji wa moto, kinaniunguza. Nikiweke tu hapa... Haipo kwenye kopo.

LIMBERT: Iko wapi?

CASILDA: Kwenye gari.

LIMBERT: Gari gani?

CASILDA: Gari la vyombo vya fedha, Limbert. Utadhani hukuzaliwa huku. Mama mwaka huu katoa vitu vyake vyote vipambe gari liende kwa Bikira Maria wa Mgodini. Sahani, vijiko, lile birika la bibi. Gari limependeza, bati huoni hata kidogo.

LIMBERT: Mmeiweka sarafu ile kwenye jua? Kwenye maji na mapovu ya watoto? Itaanguka njiani, dada, itakanyagwa na wacheza ngoma—

CASILDA: Haianguki. Imeshonwa vizuri.

LIMBERT: Imeshonwa?

CASILDA: Uzi mwekundu, mara mbilimbili.

LIMBERT: Sarafu haishonwi. Unashonaje kitu kisicho na tundu?

CASILDA: Tundu lenyewe dogo tu.

LIMBERT: Mmeitoboa.

CASILDA: Sonara Macario ana mkono mwepesi, hata usingeisikia ikilia—

LIMBERT: Mmeitoboa sarafu ya Baba. Unajua nafanyaje mimi kila Jumapili sokoni, watu wakiniletea sarafu za matundu? Nazirudisha bila kuzigeuza. Nawaambia hii si sarafu tena, mfungie paka shingoni. Mbele za watu nawaambia. Na ile moja, ile moja— hamkuniuliza kwa nini?

CASILDA: Ungekataa.

LIMBERT: Ningekataa ndiyo, ni yangu. Mama mwenyewe alisema yangu.

CASILDA: Ndiyo maana ikawa hiyo. Birika ni la bibi, sahani ni zake. Alitaka kitu chako.

LIMBERT: Changu cha nini?

CASILDA: [ngoma kwa mbali] Hilo muulize Mama.

LIMBERT: Umemwambia Mama habari za Alhamisi.

CASILDA: Sikumwambia.

LIMBERT: Nilikuomba kitu kimoja, dada. Mama asijue kama nafunguliwa kifua. Kimoja tu.

CASILDA: Sikumwambia, naapa. Nilimwuliza tu kama kwetu kuna mtu aliwahi kuugua moyo. Akaniangalia, akaenda kabatini. Ni mama yule, Limbert. Utamficha nini?

LIMBERT: Na mimi nilitaka... Aa. Basi.

CASILDA: Ulitaka nini?

LIMBERT: Nilitaka trei ijae kabla ya Alhamisi. Nikiondoka niwe nimemaliza kitu kimoja.

CASILDA: Ukiondoka kwenda wapi?

LIMBERT: Unajua.

CASILDA: Sijui. Usinitie woga mchana kweupe, watu wanacheza hapa.

LIMBERT: Naogopa, dada. Naogopa sana.

CASILDA: Na sisi.

LIMBERT: Tundu liko wapi? Usoni?

CASILDA: Nyuma ya shingo ya yule bwana aliyechorwa kwenye sarafu, ukingoni kabisa. Macario alitaka juu ya kichwa, eti itaning'inia sawa. Mama akamwambia, fundi, kichwa usiguse, na kifua usikisogelee. Akasimama pale mpaka ikaisha. Sasa inaning'inia upande, imeinama kama wewe ulivyokuwa ukisinzia kanisani.

LIMBERT: Mama yuko wapi?

CASILDA: Ndani ya hilo gari, kiti cha mbele, na kofia yake ya sherehe. Alikataa kubaki nyumbani. Tena— ngoja, ndilo lile linakunja kona. Ngoja nisogee. Nipisheni, samahani, nipisheni. Unasikia?

LIMBERT: Nasikia tarumbeta.

CASILDA: Naiweka simu hapa, karibu na vyombo vinavyogongana. Sasa?

LIMBERT: Hicho ni kijiko.

CASILDA: Sasa?

LIMBERT: Sahani... Kijiko tena... Hiyo. Hiyo ndiyo.

CASILDA: Kumbe bado unaijua.

LIMBERT: Inalia bado. Nilidhani wameiua sauti.

CASILDA: Mama ananiona. Ananiuliza ni nani. Ni Limbert, Mama! Anasema... ngoja. Anasema amemwahidi Bikira Kanivali tatu, si moja.

LIMBERT: Tatu?

CASILDA: Tatu. Na mwenye kitu ndiye anayeshona. Mwaka huu kakushonea yeye kwa kuwa hupo, vidole vyote kajichoma. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Mwakani anasema hakubali, uje mwenyewe. Limbert? Gari linakwenda, nimjibu nini?

LIMBERT: Dada, jirani ananionyesha hapa, salio lake linakwisha—

CASILDA: Nimwambie nini Mama?

LIMBERT: Mwambie uzi asitupe. Mwambie aniwekee na sinda—

CASILDA: Haloo? Limbert? Haloo? ... Mama! Amesema uzi usitupe!