Gauni Lenye Nafasi ya Pumzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwigizaji wetu ambaye watu wamepanda hadi ukutani ili wakuone, Mkuu wa Chuo, walimu mliotulelea watoto, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu, mafundi cherehani wetu wapya: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mnisamehe nikisoma polepole. Shule niliishia darasa la nne, na hotuba hii nimeiandika mwenyewe, mistari inapanda na kushuka kama pindo la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mwalimu wa taaluma aliniandikia nyingine, nzuri, yenye maneno marefu. Iko humu mkobani. Mwalimu, usinikasirikie. Kila nilipoisoma niliona ni mtu mwingine anasema kwa mdomo wangu, na nyumbani kwetu jambo hilo lina kidonda chake.

Nimeambiwa nishukuru kwa niaba ya wazazi, kisha niketi. Nitashukuru.

Namshukuru Mgeni Rasmi kwa cherehani aliyomletea mhitimu wa kwanza. Mhitimu huyo ni mwanangu wa mwisho, yule pale mbele, anayenikazia macho nikae chini. Nimekuona, mama. Sikai bado.

Namshukuru pia kwa wimbo wake. Nani hapa haujui? Ule wa mapenzi, kwenye filamu yake, pale anapomuaga mchumba kwenye ngazi za hospitali. Umepigwa harusini, umepigwa saluni, umekuwa mlio wa simu za watu. Ratiba inasema nikimaliza mimi unapigwa huo, na Mgeni Rasmi atauimba, na sisi sote tutapiga makofi, mwanangu akiwemo. Ndiyo maana sikai bado.

Mnaijua ile pumzi kabla ya kiitikio? Watoto mtaani wanaiiga, wanavuta haaa, ndipo wanaingia. Mgeni Rasmi aliulizwa redioni ameipata wapi, akacheka, akasema, "Nilikuwa namuwaza mtu."

Jamani, aliyevuta pumzi ile hakuwa anamuwaza mtu. Ilikuwa pumu. Kifua kile nimekisugua tangu kikiwa na ukubwa wa kisahani cha kikombe, nimekilalia sikio miaka yote nikihesabu kama bado kinapanda. Nitashindwaje kukijua?

Mambo yalikwenda hivi. Mpiga kinanda wa studio alimsikia mwanangu kwenye kwaya, akamwita auimbe wimbo ule, ili mwigizaji apelekewe ajifunzie nyumbani. "Ni sauti ya mfano tu, dada," alimwambia. "Bibie akishaushika, tunaifuta." Hawakuifuta. Bibie alijifunza kufungua na kufunga mdomo, na sauti ikabaki ile ile.

Sisi hatukuambiwa. Tulikwenda sinema kama watu wengine, tumevaa vizuri. Wimbo ulipoanza, mwanangu akanishika mkono mpaka ukaniuma. Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu dada ana sauti, jamani!" Mwanangu akageuka, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Asante."

"Kwani nimekuambia wewe?"

Safu nzima ikacheka. Mimi pia midomo ilinicheza, Mungu anisamehe, kabla sijamtazama usoni.

Alipokwenda kuuliza, mwenye studio alimpa kiti, akampa soda baridi, akamwambia, "Binti, watu hawanunui koo, wananunua uso." Soda aliinywa. Angefanyaje? Nyumbani akawa bado anaimba akiosha vyombo, mpaka siku jirani yetu alipochungulia dirishani akamsifu: "Unamuiga vizuri yule dada wa filamu! Ila bado hujamfikia." Akaweka sufuria chini. Tangu siku hiyo hajaimba, si kanisani, si jikoni. Akaomba nimlete hapa ajifunze kushona. Wazazi wenzangu, mtoto akinyamaza nyumba inakuwa kubwa. Mnalijua hilo?

Sasa nifike kwenye gauni. Mgeni Rasmi, gauni ulilovaa ni zawadi ya chuo, limekukaa kama umezaliwa nalo. Umeambiwa ni la chuo. Fundi wake ni mwanangu. Vipimo vilikuja kwa simu ya mwalimu, nikamkuta amelitandaza kitandani kwangu anakata. Mimi hasira zangu ni za karibu, nikamwambia, "Mbane huyo! Mbane mpaka zipu iachie mbele za watu!" Akatabasamu tu. Kisha nikaona kifuani ameacha kitambaa kingi kuliko vipimo.

"Na hii ya nini tena?"

"Mama, wakimwambia aimbe, atahitaji pa kuvutia pumzi."

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Mgeni Rasmi, na wewe ni mwana wa mwenzangu, kuna mtu alikaa macho kwa ajili yako. Sikulaumu kwa kufungua mdomo. Ulikuwa msichana mdogo, uliambiwa fungua, ukafungua. Kinachonichoma ni miaka ya baadaye. Umeulizwa redioni, umeulizwa jukwaani, umeulizwa ukiwa na tuzo mkononi, na kila ulipoulizwa jina moja lingetosha, ukacheka. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na hapa chuo cha ushonaji sina haja ya kufundisha mtu: nguo ya kuazima haisitiri... malizieni wenyewe, Mkuu wa Chuo yuko hapa.

Mwanangu aliniapisha nisiseme. Ugomvi wake tutaumalizia nyumbani.

Kijana wa muziki, ngoja kwanza, usibonyeze. Mama, ukiitwa nenda kachukue cherehani. Ipokee kwa mikono miwili, fundi hakatai cherehani. Lakini goti usipige. Hiyo umeigharamia wewe, kwa kifua chako.

Nawe Mgeni Rasmi, kipaza sauti nakuachia hapa mezani. Sikuombi uimbe. Sema tu ile sauti ni ya nani. Gauni lina nafasi, aliyelishona alikufikiria. Vuta pumzi, mwanangu, useme.

Asanteni nyote mlionisikiliza. Nakaa sasa, na mimi nisikilize.