Mama Tulieni na Fimbo Zetu Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mpiga picha wa Kitengo cha Uangalizi wa Miteremko anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye jalada lake ana jina refu la kupendeza. Huku kwetu, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa Idara, sote tunamwita Mama Tulieni, kwa sababu hilo ndilo neno analolitumia kuliko mengine yote. Huwaambia wapita njia, huwaambia mbuzi wanaokatiza mbele ya kamera, na wakati mwingine huuambia upepo. Mbuzi humsikia.

Kamati ya Maagano imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka mingi, na kwa sababu wengine wote walitoa udhuru. Nimeelekezwa niwe mchangamfu, nisitie chumvi, na nisiiguse Kamati ya Vifaa. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi.

Kwa ndugu zetu wa uhasibu na masjala, ambao kilima wanakiona dirishani tu, kazi ya mstaafu ilikuwa hivi. Juu ya mtaa wa bondeni kuna mteremko wa udongo mwekundu usioaminika hata kidogo. Mkabala wake kuna kilima. Kila mwanzo wa mwezi Mama Tulieni alipanda kilima hicho na kuupiga picha ule mteremko kutoka mahali palepale, kwa kimo kilekile, kamera ikitazama upande uleule. Picha ya mwezi huu ikilinganishwa na ya mwezi uliopita, huonekana iwapo udongo umesogea. Ukisogea, watu wa bondeni huhamishwa kabla haujawafuata ndani. Usiposogea, wanalala usingizi wao. Mama mkwe wangu anakaa bondeni, nyumba ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo picha hizo nimezifuatilia kwa karibu kuliko watumishi wengi wa umma.

Picha ya aina hiyo haipigwi kwa mkono. Mtu aliyetoka kupanda kilima anatetemeka, na kamera ikitetemeka, mteremko nao huonekana unatembea. Inatakiwa stendi ya miguu mitatu. Mama Tulieni aliiomba wiki yake ya kwanza kazini. Kamati ya Vifaa ilikaa, ikajadili kwa kina, ikaona kwamba kabla ya kuifikiria kamera kusimama ni vyema kumfikiria mtumishi kupanda. Zikanunuliwa fimbo za kupandia mlima, za alumini, zenye vishikio vya mpira na ncha za chuma, zile zinazorefushwa na kufupishwa kwa kuzungusha. Zilikuja za kutosha idara nzima na, kama ilivyo kwa vitu vya ofisi vinavyokuja vya kutosha, baada ya muda zikabaki tatu. Kuhusu stendi, kamati ilijibu kwamba inashughulikiwa. Wenyeviti kadhaa wamestaafu wakiishughulikia, na kila mmoja tulimuaga kwa pilikapilika kama hizi.

Mwingine angekaa kitako akaendelea kupokea mshahara. Mama Tulieni alizichukua zile fimbo tatu, akazikusanya vichwa pamoja, akazifunga kwa ukanda wa tyubu ya gurudumu uliovutwa mpaka ukalia, kisha akazitanua miguu. Juu yake alipachika kipande cha mbao alichokatiwa na seremala wetu kutoka kwenye kiti kilichovunjika, chenye skrubu ya kushika kamera. Chini yake, katikati ya miguu, alining'iniza mfuko wa mawe. Mfuko huo aliushona mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, kutoka kwenye mguu mmoja wa suruali ya jinzi. Mguu wa pili haujulikani ulikokwenda na hatuulizi mambo ya ndani ya nyumba za watu.

Siri ya ile stendi iko kwenye hayo mawe. Fimbo ni nyepesi, na kitu chepesi kileleni huchezeshwa na upepo. Uzito ukining'inia katikati, miguu inakita ardhini na kamera inatulia. Kwa kuwa kilima kimelala upande, miguu miwili aliirefusha ikaelekea bondeni, na mmoja aliufupisha ukaelekea juu. Kila mahali pa kufupishia alipatia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, ili mwezi ujao kimo kiwe kilekile. Ndiyo rangi ya kucha pekee tuliyowahi kuiona kwa Mama Tulieni.

Kwa vile kuifunga upya kulikula asubuhi nzima, aliamua isifunguliwe kamwe. Matokeo yake, kwa miaka yote hiyo, mama huyu amepanda kilima akiwa na fimbo tatu za kupandia mlima begani, bila kuegemea hata moja. Wapanda kilima wenzake wa mwisho wa juma, wenye kofia na viatu vya bei mbaya, walikuwa wakimpisha njia kwa huruma. Alidhani wanampa heshima, nasi hatukumsahihisha.

Si mpole, na sitamsingizia upole siku ya kuagwa. Mkono wake ni wa birika. Sukari ya chumba chetu aliificha kwenye boksi la lenzi. Akiimba, na huimba kila asubuhi, watu hukumbuka shughuli za nje ya ofisi. Akisifiwa kwa stendi yake haoni haya, bali hukuomba urudie kwa sauti ili wa chumba cha pili wasikie. Aliwahi kumwambia mgeni rasmi mbele za watu kwamba kivuli chake kinaharibu picha na asogee. Mgeni alisogea. Tulishika roho mkononi wiki nzima tukisubiri barua, isije.

Mafanikio yake ni makubwa. Mwaka ule wa mvua zisizokatika, picha yake ilionyesha kwamba ukingo wa juu wa mteremko umeteleza. Watu wa safu ya mwisho wakahamishwa mchana, na udongo ulipoporomoka baadaye ulikuta majiko, uzio na kuku mmoja mbishi. Binadamu hakuguswa hata mmoja. Idara ikapewa tuzo ya uongozi imara. Mkuu aliipokea, Kamati ya Vifaa ikapiga naye picha ya kumbukumbu, na aliyeishika kamera siku hiyo ni Mama Tulieni, kwa hiyo kwenye picha hayupo.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo kila mtu analijua lakini kila mtu analisimulia kivyake.

Mwezi wa tatu magoti ya Mama Tulieni yaligoma. Daktari akampumzisha. Siku ya kupiga picha ilipofika, Mkuu wa Idara alijitolea kuongoza msafara mwenyewe, akiwa na dereva na dada yetu mpimaji. Walipofika kileleni waligundua kwamba mfuko wa mawe ni mtupu. Mama Tulieni huokota mawe hukohuko juu na kuyaacha hukohuko. Mkuu aliona kuinama na kuokota mawe ni kupoteza muda wa serikali. Akaamuru chakula cha mchana kiwekwe mfukoni, kwa hoja kwamba uzito ni uzito. Ndani ya mfuko vikaingia mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa za maji. Stendi ikatulia vizuri. Tatizo ni kwamba ukungu nao ulitulia, na walilazimika kuusubiri uondoke. Mkuu akahisi njaa. Akala yai. Baadaye kidogo akala mkate. Ukungu ulipoondoka, mfuko ulikuwa umebaki na maganda, na upepo ulikuwa umeanza.

Picha ililetwa, ikalinganishwa na ya mwezi uliopita, na Mkuu akaona kwa macho yake kwamba mteremko umehama hatua nzima. Kipaza sauti kikazunguka bondeni. Watu wakabeba magodoro, wakabeba masufuria, wakabeba wagonjwa, wakaenda kujibana kwenye madarasa ya shule. Mama mkwe wangu alikuja kwangu na masanduku yake, akapanga upya jiko letu, na kufikia jioni hakuna aliyejua chumvi ilipo.

Mama Tulieni alikisikia kipaza sauti akiwa amelala kwake. Alikuja ofisini na kandambili, kashikwa mkono na mumewe, akaitaka picha. Aliitazama kidogo tu. Halafu akauliza:

"Na tangi la maji nalo limehama? Na barabara nayo?"

Tukainama wote kutazama. Kweli, kila kitu kilikuwa kimehama, hata mawingu. Akauliza mfukoni kulikuwa na nini. Dereva, ambaye ana wajukuu na haogopi kumwaga unga, akamjibu kwamba mikate na mayai.

"Viko wapi?"

Dereva akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama dari.

Mkuu ameisoma rasimu ya wasifu huu na kuufuta mstari huo. Kwa bahati mbaya mpiga chapa alikuwa ameshapata nakala ya kwanza.

Kesho yake Mama Tulieni alipanda kilima. Daktari alikuwa amemkataza, mumewe alimsihi, nami nilimwambia kwamba mpimaji anaweza kwenda peke yake. Alijibu kwamba watu wamelala sakafuni na watoto wao kwa sababu ya yai, na hawezi kumtuma mtu. Aliokota mawe mwenyewe. Alipiga picha ambayo hata majani yanahesabika, na mteremko ulikuwa palepale ulipokuwa tangu mwezi wa pili. Watu wakarudi makwao. Lakini kushuka kulimshinda. Alishuka amening'inia kwenye bega la dereva, hatua kwa hatua, huku mpimaji akiwatangulia amebeba stendi. Niliwapokea getini. Nilipomwona anavyotoka garini, mguu mmoja ukiusubiri mwingine, niliona uchungu na aibu, na sitatafuta neno la uchangamfu la kusemea hapo.

Tangu siku hiyo hajapanda tena. Mpimaji amepanda badala yake, na mawe, na picha zake ni nzuri. Mama Tulieni alimfundisha kwa ukali wake wote, akimpigia simu kileleni kumuuliza kama upepo umeambiwa utulie. Kwa hiyo tulijiona tumesalimika, mpaka Kamati ya Maagano ilipomuuliza mstaafu angependa zawadi gani.

Kamati ilikuwa imejiandaa kwa sofa. Yeye akaomba fimbo moja. Si ya dukani. Anaitaka ile ya juu, mguu mfupi, ambao anasema katika miaka yote haujawahi kumwangusha. Daktari amemwambia kwamba kuanzia sasa hatatembea bila kitu cha kuegemea.

Hapo ndipo ofisi ilipochangamka kuliko nilivyowahi kuiona. Kamati ya Vifaa ilikutana kwa dharura na kutamka kwamba fimbo ile si fimbo, ni theluthi ya kifaa nyeti cha usalama wa raia, na kwamba ikiondoka, stendi haisimami na bondeni hakuna atakayelala. Tulisikiliza kwa mshangao. Kumbe walikuwa wanajua. Kumbe miaka yote hiyo, barua ya stendi ikiruka kutoka meza hadi meza, kila aliyeisukuma alijua kwamba watu wa bondeni wamesimamishwa juu ya fimbo tatu na magoti ya mwanamke mmoja.

Mpimaji ndiye aliyemaliza ubishi. Alikwenda stoo na kisu, akaukata ule ukanda wa tyubu mbele ya kamati nzima, akaichomoa fimbo ya juu, akaifuta tope, akanipa mimi niifunge kwa karatasi ya zawadi. Hakuna aliyemzuia.

Picha ya Julai ni Jumatatu, na tumebaki na fimbo mbili. Fimbo mbili hazisimami; tumejaribu. Tukaanza kuzisaka zile zilizoyeyuka, na kwa kweli hazikwenda mbali. Moja imeshikilia antena nyumbani kwa mtunza stoo, ambaye anasubiri fainali zipite. Nyingine imeshikilia pazia la Mkuu wa Idara, ofisini kwake, nyuma ya kiti chake, na imekuwa hapo muda wote. Mkuu ametuhakikishia kwamba suala la pazia lake linashughulikiwa. Mama mkwe wangu, aliyesikia neno hilo kwa masikio yake, amekuja tena na masanduku.

Mama yetu, asante. Asante kwa kila mwezi uliotupandia, kwa usingizi wa watu ambao hawajui sura yako, na hata kwa sukari uliyotunyima, maana daktari anasema ilitufaa. Ukakae vizuri na shemeji yetu, mle mkashibe, asubuhi ziwe ndefu na majirani wawe wavumilivu na nyimbo zako. Fimbo utakabidhiwa Ijumaa, mbele yetu sote. Iegemee kwa uzito wako wote, Mama. Haina kamera juu yake.