Pikipiki Inayozima Njia ya Ulyankulu

Kwenye kona moja ya Isevya, mjini Tabora, kuna benchi la taruma la reli, limekaliwa na watu mpaka linang'aa. Asubuhi hiyo ya Jumamosi Raymundi alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi, ubavuni mwa pikipiki yake. Si bodaboda hizi za kubebea mkaa. Hii ni pikipiki ya spoti, nyekundu, silinda nne, ya mwaka tisini na moja, aliinunua kwa daktari Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Mlio wake unasikika ikiwa bado mtaa wa tatu. Mkewe, Spesioza, alikuwa anaujua mlio huo kuliko sauti ya mumewe. Sasa Spesioza yuko kwa mama yake Ulyankulu na mtoto wao Irakoze, mwaka wa pili huu, na Raymundi anamtaka arudi. Amekonda kwa kumtaka. Wiki tatu mfululizo amewasha pikipiki amfuate, na wiki tatu mfululizo amerudi anaisukuma.

— Imezima tena? aliuliza Asmahani, muuza kahawa, akimmiminia.

— Imezima.

— Palepale?

— Palepale kilimani, dakika kumi kutoka hapa.

Xavery aliwahi kufagia karakana ya reli kwa miezi mitatu, na kwa ajili hiyo kijiwe kizima kinamwita Injinia. Alikohoa kwanza, kama kawaida yake.

— Plagi hizo, alisema.

— Nimebadilisha zote nne.

— Umebadilisha, lakini umezikaza?

— Injinia, nimekaza mpaka spana imeniomba radhi.

— Basi kabureta.

— Nimezishusha zote, nimeziosha kwa petroli, nimepuliza kila tundu mpaka nikaona kizunguzungu.

— Hapo ndipo ulipoharibu, alidakia Majidi, wanayemwita Redio maana hana kitufe cha kuzimia. Kabureta nne ni sawa na wake wanne. Ulianza kupuliza ipi?

— Ya kushoto.

— Unaona? Hizo tatu zimenuna.

Raymundi alicheka, lakini moyo haukuwemo. Wenzake hawa wanajua kwa nini Spesioza aliondoka, ila wana adabu ya kutolitaja. Siku ya kumzika baba mkwe, Raymundi alimtanguliza mkewe kwa basi, akasema yeye atakuja na pikipiki. Mnyororo ukakatika nusu ya njia. Lori likasimama, dereva akamwambia apande, pikipiki aiache kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaogopa watang'oa taa. Akakaa nayo hapo barabarani mpaka ilipopatikana pini ya kuungia. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu wananawa mikono. Spesioza hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye anabaki kwa mama.

— Niulizeni mimi kwa nini inazima pale, alisema Redio. Pale ndipo wapagazi wa misafara walipokuwa wanatua pembe za ndovu wapumzike. Ardhi ile imezoea. Chochote chenye mzigo kikipita, kinatua.

— Hii imebeba mzigo gani? aliuliza Asmahani.

— Imembeba huyu. Hebu mtazame.

— Si hivyo, alisema Injinia. Injini ya Kijapani ina kumbukumbu. Ikishika joto la Tabora inajiuliza, nimefikaje huku? Inakata tamaa.

— Daktari aliiendesha miaka sita haikukata tamaa, alisema Raymundi.

— Daktari alikuwa anaongea nayo Kizungu.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mmoja, kikombe mkononi, madumu mawili ya asali miguuni. Alikuwa ameshuka na treni kutoka Kigwa kuja kuuza, jina lake Josepha, na muda wote huo alikuwa anasikiliza bila kucheka.

— Shikamoo baba, alimwambia Raymundi. Samahani kwa kudandia maneno. Ikishazima, unaifanyaje hadi iwake?

— Marahaba. Nikishaisukuma mpaka nyumbani, nafungua tangi kuangalia mafuta. Yamo tele. Nafunga, nawasha, inawaka.

— Mimi pikipiki siijui. Ila dumu la asali nikilitoboa tundu moja tu chini, asali inatoka kidogo halafu inagoma, mpaka nitoboe na juu. Hilo tangi hewa inaingilia wapi?

Redio aligeuka kuutazama mfuniko wa tangi. Injinia akainama kando yake.

Raymundi aliona uso unamchoma. Alipotoka msibani aliapa hatapanda tena pikipiki ile. Akaisukumia stoo, akachukua nta aliyoiacha Spesioza, akaziba bomba la moshi na katundu ka hewa kwenye mfuniko wa tangi, manyigu wasijenge humo. Bomba alilizibua. Katundu alikasahau. Alimwomba Asmahani pini ya mtandio, akachokonoa, nta ikatoka imekuwa nyeusi. Akawasha. Dakika kumi zikapita, kumi na tano, ishirini, huku Redio anazihesabu kwenye saa yake. Pikipiki ilinguruma tu, haikutetereka.

— Haya bwana, nenda basi, alisema Redio.

Raymundi alizima. Akarudi kwenye benchi, akakaa.

— Baba, si imepona? aliuliza Josepha. Mbona huendi?

Raymundi alizungusha kikombe kitupu.

— Wiki zote tatu, alisema, ikizima pale kilimani, nilikuwa naisukuma huku moyo umetulia. Najiambia, leo si mimi, ni pikipiki. Naogopa, jamani. Ataisikia toka mbali, atatoka uani, ataniangalia. Akigeuka akarudi ndani, nitakuwa sina tena cha kusubiri.

Injinia alitazama viatu vyake.

— Nimiminie kingine, Asmahani.

Asmahani alinyanyua birika, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, Baba Irakoze.

— Hata nusu kikombe.

— Imekwisha, baba.

Wote walisikia kahawa ikicheza ndani ya birika. Raymundi alimtazama Asmahani, akaweka kikombe chini, akachukua helmeti yake.