Verna LeGrave, Mwiko, na Mlinzi Aliyezomewa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mko zizini, zimeni mashine za kukamulia. Kama haziwezi kuzimwa, pandisheni sauti. Leo tunamkumbuka Daktari Verna LeGrave, aliyetutoka Jumatatu akiwa nyumbani kwake hapa Brussels, Wisconsin. Verna alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa shabiki wa timu yetu ya Green Bay, ya mpira wa Kimarekani. Na kila Aprili, timu za ligi zinapochagua wachezaji chipukizi kutoka vyuoni, yeye ndiye aliyepiga simu hapa studio kutuambia kama tumepata au tumepatikana.

Mimi ni Duane Jadin, na nawaambieni ukweli, nilikuwa nasubiri simu ile kuliko Krismasi.

Verna alikuwa na sheria moja: kwanza majirani. Mnajua kundi letu lina timu nne. Sisi, Chicago, Detroit na Minnesota. Nikimwuliza, Daktari, unamwonaje kijana wetu mpya, ananikatiza hapo hapo. Niambie kwanza Detroit wamemchukua nani. Mchezaji hana uzuri wa peke yake, alikuwa akisema, uzuri wake utaujua siku atakapogongana na wa jirani. Basi anaanza na wapinzani, mmoja mmoja, na anawapa maksi za haki. Mwaka mmoja aliwapa Chicago maksi za juu kutushinda sisi. Kuna mtu, na ninamjua, alimwaga samadi mbele ya lango lake. Verna akaizoa, akaipeleka kwenye nyanya zake, kisha akapiga simu redioni kuomba aongezewe.

Hakuangalia mbio za mchezaji. Aliangalia nyonga, kama anavyomkagua ng'ombe. Na alikosea pia, jamani, tusimpake mafuta kwa kuwa amekufa. Kuna mwaka Minnesota walichukua kijana mmoja, Verna akatangaza hapa hapa kwamba kwa nyonga zile hatakamata hata kuku. Msimu huo kijana akamwangusha mrushaji wetu wa mpira mpaka tukafumba macho. Kesho yake kaka yake Verna, Orville, akaja mlangoni kwake na kuku hai aliyefungwa utepe wa zambarau, rangi ya Minnesota. Verna akampokea, akampa jina la yule mchezaji, na kuku yule akafa kwa uzee.

Huyo Orville, wasikilizaji wapendwa, ndiye kiini cha habari yenyewe. Orville LeGrave alioa Minnesota, akakaa kule miaka mingi, akarudi mjane na jezi ya zambarau. Kutuudhi kwa jezi ni jambo moja. Lakini alirudi pia akitaka mwiko.

Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Sikukuu ya mavuno ya parokia haina maana bila supu ya buya, na buya haina maana bila sufuria lile ambalo ungeweza kumwogeshea ndama. Anayeshika mwiko ndiye anayesema kuku watiwe lini, nyama ya ng'ombe lini, na nani aondoke karibu na moto. Mwiko ule ulikuwa wa mama yao, na mama yao alimwachia Verna. Orville alisema yeye ndiye mkubwa. Verna akamjibu kwamba mkubwa anayetia kabichi kwenye buya ni mtoto. Kwa Orville, mwiko ukabaki mwiko.

Sasa niwarudishe Aprili ya mwaka juzi. Nafasi yetu ya kwanza ya kuchagua. Kaunti nzima inataka mdakaji, kijana wa mbio, wa kutupamba kwenye televisheni. Linatajwa jina: Wendell Stroebe. Mlinzi wa mrushaji, kutoka chuo kidogo cha Dakota ambacho hakuna aliyekijua. Nilikuwa kilabuni, na watu walizomea mpaka bia zikamwagika. Mmoja akauliza kama Stroebe ni aina ya jibini.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Verna, na sauti yake inaruka kama ya msichana.

"Duane, mmelala? Detroit kachukua mvamizi, wa kuwaangusha warushaji. Chicago kachukua mvamizi. Minnesota kamchukua Dashawn Pettway, na huyo ndiye mbaya kuliko wote. Majirani wote watatu wamenunua mbwa wakali, nyie mnalilia mapazia. Sisi tumejenga ukuta. Maksi za juu kabisa."

Simu ya pili ilikuwa ya Orville. Alicheka kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akasema, hewani, kila mtu akisikia: "Dada, kama unamwamini hivyo, weka mwiko. Misimu miwili. Huyo Stroebe wako akimzuia Pettway siku ya maana, sitautaja tena mpaka nizikwe. Akishindwa, unanipa."

Nilimrudia Verna kwenye simu. Akasema, sawa.

Msimu wa kwanza Stroebe aliumia kifundo cha mguu, hatukumwona. Msimu wa pili moyo wa Verna ukaanza kuchoka. Orville akahamia kwake kumtunza, na jezi yake ya zambarau, na redio moja wakiigombania.

Ikaja Jumapili ile ya Januari. Ninyi mnaijua. Sisi na Minnesota, mshindi anachukua kundi. Joleen, binti wa mdogo wao, alikuwa nao sebuleni, na ndiye aliyenisimulia. Anasema shangazi yake hakuutazama mpira hata mara moja. Alitazama miguu ya Stroebe tu. Na siku hiyo Pettway alikuwa ameshampita Stroebe mara mbili, na kila akipita Orville anauliza kama mwiko umeshaoshwa.

Dakika ya mwisho. Tuko nyuma. Mpira ni wetu, na mrushaji wetu anahitaji muda kidogo tu, muda wa kuvuta pumzi. Verna ameketi ukingoni mwa kitanda walichomwekea hapo sebuleni, mrija wa hewa puani, anaisemesha televisheni kwa upole: shusha nyonga, mwanangu, shusha nyonga. Pettway anakuja. Stroebe anashuka. Wanagongana, wasikilizaji wapendwa, na Pettway anasimama pale pale. Anasimama! Mpira unaruka, unadakwa, na honi za matrekta zikalia kutoka hapa mpaka ziwani.

Sebuleni kwa LeGrave, Joleen anasema, baba yake mkubwa alivua kofia.

"Haya, dada. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwiko ni wako, sitautaja tena."

Verna akamwambia Joleen aulete kutoka jikoni. Akaushika, akauweka mapajani mwa Orville.

"Sasa chukua."

"Umeshinda wewe, Verna. Unanipa wa nini?"

"Ningeshindwa ungeuchukua. Mimi nilitaka nikupe."



Kwako Orville, kwako Joleen, na ukoo wote wa LeGrave, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Misa ni kesho Jumamosi, na chakula ni kwenye ukumbi wa chini wa parokia, kama kawaida yetu. Wiki ijayo timu zitachagua tena, na tutapiga kelele tena. Kabla hujajipa maksi mwenyewe, tafakari: umemtazama jirani yako kwa haki, hata yule wa jezi nyingine?

Orville alinipigia kabla sijaingia hewani. Yuko kwenye sufuria tangu alfajiri, anakoroga buya ya kesho. Nikamwuliza imetokaje. Akasema, "Imetoka kama yake, Duane. Hasa kama yake. Nikageuka nimwite aje aonje."