Sanduku la Betri Nililoziba kwa Nta

Asanteni, kaeni. Mkisikia sauti inatetemeka si malaria, ni aibu ya zamani. Ndugu zangu wa hapa Matinyani, mnanijua kama fundi wa mizinga ya nyuki. Leo nawaambia vile nilimuumiza mtu, halafu nikamsingizia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Chuo cha ufundi cha hapa karibu kilikuwa kinaunda gari la mashindano la kutumia jua. Msicheke. Lilikuwa na magurudumu ya pikipiki, paneli juu, na betri nne nyuma ya kiti cha dereva. Dereva alikuwa mwalimu wa umeme, mama mdogo wa mwili, maana gari lilitaka mtu mwepesi. Mimi nikaitwa nitengeneze sanduku la betri.

Sasa, mtu wa mizinga anajua ufa ni adui. Ukiacha ufa, siafu wanaingia. Nikapiga mbao randa, nikaziba kila mwanya kwa nta, mfuniko nikauwekea mpira wa tyubu. Nikajisifu kwamba hata vumbi la Kitui halitapata mlango. Sikumuuliza mtu kitu.

Kumbe betri ikichajiwa hutoa gesi, na gesi hiyo huwashwa na cheche ndogo tu. Siku ya kujaribu, betri zilichajiwa asubuhi nzima ndani ya sanduku langu. Mwalimu akafungua mfuniko, akachomoa waya. Cheche ikaruka, betri moja ikapasuka, asidi ikampata machoni.

Mama mpishi wa chuo alikuwa ndiyo kwanza ametoka mtoni na punda aliyebeba mitungi ya maji, na kilikuwa kiangazi kikali. Hakufikiri mara mbili. Alimmwagia mwalimu mtungi mzima, halafu wa pili, halafu wa tatu. Daktari alisema maji hayo ndiyo yaliokoa jicho la kulia. La kushoto lilipotea.

Mkuu wa chuo aliponiuliza, nilisema, "Ni mwalimu alishika waya vibaya. Sanduku langu halina shida." Akaniamini. Wengine wakaongeza, mwanamke na waya wapi na wapi! Nami nikaenda nyumbani nikala muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe.

Lakini kazi ilinikataa. Nikishika nta, mikono inasimama. Msimu mzima sikutengeneza mzinga hata mmoja, nikawa mtu wa kunywa tu. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia ukweli, akaniuliza, "Nyuki huwaogopi, unaogopa mwalimu mmoja?"

Nikaenda Kilungu, kwa wazazi wake mwalimu, alikokuwa amerudi. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Akasema, "Fundi, hiyo nilijua siku ile ile. Si mimi nilifungua sanduku? Niliona nta."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Waliamini wewe."

Nililia mbele ya mama yake, ndugu zangu, mtu mzima mwenye mvi.

Akaniambia, "Kwanza uende useme ukweli pale uliposema uongo. Halafu utanitengenezea sanduku lingine."

Nilisema, mbele ya chuo kizima. Kisha tukaanza, yeye akielekeza. Matundu chini na juu ili gesi itoke, yenye wavu wa kuzuia wadudu. Mikanda ya kushika betri zisiruke. Ubao mzito kati ya betri na mgongo wa dereva. Fyuzi karibu na betri, na swichi nje, uzime kabla hujagusa waya.

Tulipomaliza akasema, "Kaa wewe kwanza."

Nikakaa kwenye kiti cha dereva. Betri zikachajiwa nyuma ya mgongo wangu mpaka alasiri, jasho likinitoka, na yeye amesimama karibu ananitazama. Mwishowe akanigusa bega. "Toka, fundi. Hicho ni kiti changu."

Siku ya mashindano tulikuwa wa tano kati ya magari sita. Aliendesha kwa jicho moja mpaka mwisho.

Namshukuru mama wa mitungi, mke wangu, na mwalimu huyo. Ukitengeneza kitu atakachokalia mwenzako, kikalie wewe kwanza. Na kama umembebesha mtu kosa lako, nenda kwake, useme, halafu ufanye kile atakachokuambia.